Mchungaji Edward Stone na gome la mwerebi: mtumishi aliyepima dawa kabla ya kuisifu



Mara nyingi tunasimulia hapa maisha ya wamisionari, wainjilisti na wale walioteswa kwa ajili ya imani. Leo tunamkumbuka mchungaji wa namna nyingine. Hakuvuka bahari, hakutupwa gerezani, wala hakumbukwi kwa mahubiri yake. Anakumbukwa kwa sababu ya gome la mti. Jina lake ni Edward Stone, mchungaji wa Kanisa la Kianglikana huko Uingereza, aliyefariki mwaka 1768. Kila mtu anayemeza aspirini ili kupunguza maumivu, homa au uvimbe ana sababu ya kumkumbuka.

Tumemchagua kwa sababu jambo alilolifanya linatugusa sisi wenyewe. Katika makusanyiko yetu ya mashariki mwa Kongo, dawa za miti ziko kila mahali. Zinauzwa sokoni ndani ya chupa za maji zilizotumika, zinatangazwa kwenye kipaza sauti juu ya gari, na wakati mwingine zinapitishwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Kuna ndugu wanaosema kwamba miti yote ni mambo ya uchawi, Mkristo asiguse. Kuna wengine wanaosema kwamba kila mti ni salama kwa kuwa Mungu ndiye aliyeuumba. Mchungaji Stone hakusimama na kundi la kwanza wala la pili. Yeye aliuliza swali ambalo sisi tunasahau kuuliza: je, dawa hii inaponya kweli, na nitajuaje?

Mchungaji wa mji mdogo

Edward Stone alizaliwa mwaka 1702 katika Princes Risborough, mji mdogo wa jimbo la Buckinghamshire. Alisoma katika Wadham College, moja ya nyumba za masomo za Chuo Kikuu cha Oxford, na baadaye akawa miongoni mwa walimu wake. Aliwekwa wakfu kuwa mchungaji, akapewa parokia ya Horsenden, kijiji kidogo karibu na alikozaliwa. Kisha akahamia Chipping Norton, mji wa soko katika jimbo la Oxfordshire, ambako alikuwa pia mchungaji wa nyumbani kwa jamaa ya Cope huko Bruern. Mji huo ndio uliokuwa makao yake mpaka kifo chake.

Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa vitabu, mwenye kupenda hesabu na elimu ya nyota. Lakini mchungaji wa kijiji wa siku zile, kama wachungaji wetu wengi leo, aliitwa wakati wa ugonjwa kabla ya daktari, na mara nyingi badala ya daktari. Aliwaona watu wake wakitetemeka kitandani, naye alitaka kuwa na kitu mkononi zaidi ya maneno ya faraja.

Homa ya kutetemeka, na dawa ya bei kali

Wengi wetu tunadhani malaria ni ugonjwa wa nchi zenye joto peke yake. Sivyo. Katika karne ya 18 Uingereza nayo ilikuwa na homa za vipindi, hasa penye mabwawa na mabonde yenye maji. Mgonjwa alishikwa na baridi, akatetemeka, akawaka moto, akatoka jasho, halafu akapata nafuu. Siku ya tatu au ya nne homa ilirudi tena kama mgeni mwenye miadi. Leo tunajua kwamba nyingi za homa hizo zilikuwa malaria.

Dawa yake ilijulikana: gome la kinkina, mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa mti huu, maana ulipandwa kwenye vilima vyetu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kinajulikana kwa kutoa kinini katika gome lake. Hata neno kinini, ambalo wengi kwetu na kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi hulitumia kwa kidonge chochote, limetoka huko.

Lakini katika siku za Stone gome hilo lilivuka bahari kubwa, na bei yake ilikuwa kali kwa maskini. Tena lilikuwa na historia ya aibu kidogo kwa upande wetu Waprotestanti. Kwa kuwa Wajesuiti ndio walioleta unga wake Ulaya, katika karne ya 17 Waprotestanti wengine waliuogopa, wakidhani ni hila ya Roma. Mtu anaweza kuikataa dawa njema kwa sababu tu hampendi aliyeileta.

Siku aliyoonja gome

Karibu na mwaka 1757, Stone aliweka mdomoni kipande cha gome la mwerebi. Wasomaji wa Biblia wanaujua mti huu kwa jina, maana mierebi ya vijitoni imetajwa katika Mambo ya Walawi, katika Ayubu na katika Isaya. Ni mti unaopenda maji, wenye matawi laini yanayoinama. Stone alishangaa kuona gome lake ni chungu sana, na uchungu ule ukamkumbusha kinkina.

Hapo mawazo mawili yakakutana ndani yake. La kwanza ni ule uchungu. La pili lilikuwa imani ya watu wengi wa zamani, kwamba dawa ya ugonjwa haikai mbali na chanzo chake. Mwerebi humea penye unyevu, na homa nazo hushika watu penye unyevu. Je, si Mungu mwenyewe, katika utunzaji wake, aliyeweka dawa kando ya ugonjwa? Stone alikiri waziwazi baadaye kwamba wazo hilo lilikuwa na uzito fulani moyoni mwake.

Wapendwa, tusimame hapa kidogo. Wengi wangeishia hapo. Wangesema Bwana amenionyesha, wangechemsha gome, wangeanza kugawa na kuuza. Stone hakufanya hivyo. Wazo lake la kiroho lilimfikisha kwenye mti, lakini hakulichukua kuwa ushahidi wa kwamba mti unaponya. Kwanza alifungua vitabu vya madaktari na vya mimea aone wengine wamesema nini. Hakukuta mahali ambapo gome hili limetumiwa kwa homa za namna ile. Ndipo akaamua kujaribu mwenyewe, kwa utaratibu.

Miaka mitano, watu hamsini

Wakati wa kiangazi alikusanya magome karibu ratili moja, yaani kama nusu kilo. Akayatia katika mfuko, akauweka nje ya tanuri la mwoka mikate, penye joto la taratibu. Magome yalikaa pale zaidi ya miezi mitatu mpaka yakakauka kabisa. Kisha yakatwangwa na kuchekechwa yakawa unga.

Mgonjwa wa kwanza alipopatikana, Stone alikumbuka kwamba haijui dawa hii hata kidogo. Kwa hiyo alianza na kiasi kidogo sana, kama gramu moja na robo ya unga, kila baada ya saa nne, katika nafasi kati ya homa na homa. Alimwangalia mgonjwa kwa makini. Homa ilipungua sana lakini haikuisha. Alipoona hakuna madhara, baada ya siku chache akaongeza kipimo mara mbili, na homa ikaondoka. Kwa wagonjwa waliofuata aliona kwamba kipimo kinachofaa zaidi ni karibu gramu 4 kila baada ya saa nne.

Jambo moja alilifanya ambalo madaktari wengi wa siku zake hawakulifanya. Desturi ilikuwa kumtayarisha mgonjwa kwa kumtapisha, kumharisha au kumtoa damu kabla ya dawa. Stone aliacha hayo yote. Alitoa unga wa mwerebi peke yake, ndani ya maji, chai au pombe nyepesi. Sababu yake ilikuwa rahisi na ya busara: alitaka kuwa na hakika kwamba mabadiliko yoyote kwa mgonjwa yametoka kwenye gome, si kwenye kitu kingine. Yeyote aliyewahi kunywa dawa tatu kwa siku moja, akapona, na asijue ni ipi iliyomsaidia, ataelewa hekima hiyo.

Aliendelea hivyo kwa miaka mitano, na kwa hesabu yake mwenyewe watu waliopewa unga ule walifika kama 50.

Hakuficha mahali aliposhindwa

Kwetu sisi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika maisha yake. Stone hakusema kwamba dawa yake inaponya kila mtu. Aliandika kwamba kulikuwa na wagonjwa wachache, hasa wenye homa za majira ya majani kupukutika na homa zinazorudi siku ya nne, walioteseka muda mrefu, ambao gome lilishindwa kuwaponya. Liliwapunguzia sana, lakini siku ya homa ilipofika walihisi dalili zake. Alieleza kwamba nguvu ya unga ule ilionekana kufika mahali fulani na kukoma hapo.

Je, alifanya nini? Hakuwalaumu wagonjwa kwa kukosa imani. Hakungoja mpaka homa irudi kwa ukali wake wa kwanza ili kulinda jina la dawa yake. Alichukua kinkina, ile dawa iliyojulikana, akachanganya sehemu moja kati ya tano, na wagonjwa wakapona. Kisha akaandika wazi kwamba alifanya hivyo. Unga uliokuwa umeitwa wa Wajesuiti ukatumiwa na mchungaji wa Kianglikana bila aibu, kwa sababu mgonjwa aliuhitaji.

Alimtaja pia kijana mmoja aliyefanya kazi na magari ya farasi ya kubeba abiria. Kijana huyo alikuwa karibu kupona. Lakini alirudi kazini mapema, akaacha kunywa unga wake, akanyeshewa na mvua, na ugonjwa ukamrudia. Tukisoma habari hiyo tunawaona vijana wetu wa pikipiki, ambao siku ya pili ya matibabu wakijisikia nafuu huweka vidonge vilivyobaki mfukoni na kurudi barabarani. Miaka zaidi ya 250 imepita, na mwanadamu ni yuleyule.

Barua ya tarehe 25 Aprili 1763

Baada ya miaka ile mitano, Stone aliandika barua kwa Lord Macclesfield, aliyekuwa rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi cha London. Barua ina tarehe ya 25 Aprili 1763. Ilisomwa mbele ya chama mwezi wa Juni na kuchapishwa katika jarida lao. Kwa bahati mbaya wachapaji walikosea jina, wakaandika Edmund badala ya Edward, na kwa muda mrefu watu walimwita kwa jina lisilo lake.

Katika barua hiyo hakuomba fedha wala heshima. Alieleza kila hatua: gome la mti gani, lilikaushwaje, kiasi gani, mara ngapi, kwa watu wangapi, na wapi lilishindwa. Alimaliza kwa kusema kwamba nia yake ni moja tu, dawa hiyo ijaribiwe na watu wengine, kwa haki na kwa ukamilifu, katika hali mbalimbali, ili dunia nzima ipate faida. Aliitoa siri yake bure, na akawaomba wengine waipime tena.

Stone alifariki mwaka 1768, miaka mitano baada ya barua ile. Hakuona matunda yake. Leo mjini Chipping Norton kuna kibao cha ukumbusho chenye jina lake, safari hii limeandikwa sawasawa.

Wengine wakaingia katika kazi yake

Mwaka 1828, Johann Buchner wa München nchini Ujerumani alitoa katika gome la mwerebi kitu chungu cha rangi ya njano, akakiita salisini, kutokana na jina la Kilatini la mti huo. Mwaka 1838, Raffaele Piria, mkemia Mwitaliano, alipata asidi ya salisiliki kutokana na salisini. Mwaka 1876 daktari wa Dundee, Thomas Maclagan, alitangaza matokeo yake ya kutumia salisini kwa wagonjwa wa homa ya viungo, ambao maungo yao huvimba na kuuma vibaya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, alijaribu dawa hiyo kwanza katika mwili wake mwenyewe. Maumivu na uvimbe vilipungua. Hapo ndipo ilipoonekana vizuri nguvu halisi ya mwerebi: kutuliza maumivu, kushusha homa na kupunguza uvimbe.

Lakini asidi ya salisiliki ilichoma tumbo. Mwaka 1897, katika kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, Felix Hoffmann alitengeneza namna safi iliyovumilika zaidi, nayo ikapewa jina la Aspirin mwaka 1899. Namna inavyofanya kazi haikujulikana mpaka mwaka 1971, Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba inazuia mwili kutengeneza vitu vinavyoitwa prostaglandini, ambavyo huleta uvimbe, maumivu na homa. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Toka kuonja gome mpaka kuelewa, zilipita zaidi ya miaka 200.

Jambo ambalo Stone hakulijua

Tukimpenda mtu huyu, tuseme pia ukweli wote. Stone alidhani mwerebi unaponya homa ile yenyewe, kama kinkina. Lakini sivyo. Kinkina ina kinini, ambayo huua kijidudu cha malaria ndani ya damu. Mwerebi haukiui. Unashusha joto na kupunguza maumivu, na mgonjwa hujisikia vizuri, lakini adui bado yumo. Stone hangeweza kujua, maana kijidudu hicho kilionekana mara ya kwanza mwaka 1880, na daktari Mfaransa Alphonse Laveran, miaka zaidi ya 100 baada ya kifo chake. Pia hakuwa na kundi la wagonjwa wasiopewa gome ili alinganishe, na homa nyingine za vipindi huisha zenyewe. Ndiyo maana wale wenye homa sugu walihitaji kinkina.

Na hapa, wapendwa, historia hii inaacha kuwa ya Uingereza. Tumekaa kwenye vilio vya namna hii katika makanisa yetu. Mtoto anashikwa na homa. Anapewa maji machungu ya majani au magome, au kidonge cha kushusha homa. Jioni mwili unapoa, watu wanamshukuru Mungu, mama analala. Usiku wa pili mtoto anaanza kukakamaa. Anapofikishwa kwenye kituo cha afya, malaria imekwisha kupanda kichwani, na damu imekwisha. Kushuka kwa homa kulituambia uongo. Hatuandiki haya ili kumhukumu mama yeyote. Tunaandika ili mwingine asidanganyike. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyohiyo, hata kama dawa ya nyumbani imempoza. Tena mtoto asipewe aspirini bila agizo la daktari au muuguzi, maana inaweza kumdhuru vibaya. Hata mtu mzima mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutokwa na damu kwa ajili yake.

Tunajifunza nini?

Kwanza, dawa za miti si za kudharauliwa. Nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, naye Hezekia akapona. Katika vyuo vikuu vya Afrika wapo watafiti wanaochukua mizizi na majani ya wazee wetu na kuyapima. Huwapa panya dawa iliyokamuliwa katika mmea, kisha hupima uvimbe wa mguu wa panya saa baada ya saa, au muda anaovumilia joto. Kundi lingine hupewa maji matupu, na kundi la tatu dawa inayojulikana. Wanafanya kwa vipimo bora kazi ileile aliyoianza mchungaji wa Chipping Norton. Na mmea ukifaulu kwa panya, bado haujawa dawa ya mtu. Kuna safari ndefu ya kujua kipimo na madhara, na mtu wa kupimiwa lazima aelezwe na akubali mwenyewe.

Pili, imani haiogopi kupima. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wapime mambo yote na kulishika lililo jema. Yeye anayeuza chupa moja kwa sukari, presha, utasa na malaria, bila kusema hata mara moja wapi ilishindwa, hana budi kuulizwa na wazee wa kanisa kabla hajasimama mbele ya waaminifu.

Tatu, mtumishi mwaminifu husema pia mahali aliposhindwa. Sisi wachungaji na wazee hupenda kutoa shuhuda za waliopona tu. Wale ambao tuliwaombea na hawakupona, tunawanyamazia. Stone aliwaandika wote, na kwa sababu aliwaandika, waliokuja baada yake walijua wapi pa kuanzia.

Bwana, aliyeweka uponyaji katika magome na katika mikono ya wauguzi, atupe moyo kama wa mtumishi wake huyu: kushangaa mbele ya uumbaji wake, na kuwa wakweli mbele ya mgonjwa.